Zanzibar Isiyo na Bahari

Katika ramani ya mtunzi mmoja wa Kijapani, Zanzibar haiko katika Bahari ya Hindi. Iko katikati ya Asia, haina karafuu wala majahazi, na watawala wake ni askari wa kukodiwa wenye silaha za nyuklia. Jina kamili la nchi hiyo ni Zanzibar Land, nayo ndiyo uwanja wa mchezo wa kompyuta uitwao Metal Gear 2: Solid Snake, uliotoka Japani mwaka 1990. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1987, mchezo wa kwanza wa mfululizo huo ulijenga ngome yake, Outer Heaven, ndani ya Afrika Kusini, wakati Afrika Kusini ya kweli ilipokuwa mikononi mwa makaburu na chini ya hali ya hatari.

Wasomaji waliozoea kukuta hapa habari za bajeti, katiba na chaguzi wataniuliza mhadhiri mtu mzima anatafuta nini katika michezo ya vijana. Ninatafuta humo siasa, kwa sababu zimo. Wengi wa rika langu walianza kusikia habari za majeshi ya kukodiwa na mikataba ya kupunguza silaha za nyuklia kwenye skrini ya televisheni iliyounganishwa na PlayStation, miaka mingi kabla ya kukutana na mambo hayo katika ukumbi wa mihadhara. Nimeishi na Metal Gear kwa zaidi ya miaka ishirini. Naupenda mfululizo huu, na nina neno nao.

Kwa asiyeujua, kiini chake ni kunyemelea. Katika michezo mingi ya vita mchezaji hushinda kwa kuua. Katika huu, uliobuniwa na Hideo Kojima, mchezaji hushinda kwa kutoonekana. Shujaa, ambaye jina lake la kazi ni Snake, yaani Nyoka, huingia peke yake kwenye ngome ya adui, hutambaa, hujibanza ukutani, hujifunika boksi la karatasi na kusubiri mlinzi apite. Katika mchezo wa mwaka 1998, Metal Gear Solid, pembeni mwa skrini kuna rada inayoonyesha upeo wa macho ya kila mlinzi, kama mwanga wa kurunzi. Ukikanyaga ndani ya mwanga huo, alama ya mshangao hutokea juu ya kichwa cha mlinzi na mlio mkali husikika, mlio ambao hata leo nikiusikia kwenye simu ya kijana ndani ya daladala, mwili wangu hushtuka kabla ya akili.

Mimi niliukuta Tanga mwaka 2000, nikiwa kidato cha pili, katika banda la gemu lililokuwa nyuma ya duka la cherehani. Banda lilikuwa na televisheni tatu. Mbili zilikuwa za mpira, yaani Winning Eleven, mchezo uliotengenezwa na kampuni ileile ya Konami iliyotoa Metal Gear, ingawa sisi hatukujua wala hatukujali. Ya tatu, iliyokuwa na rangi za kijani zaidi kuliko inavyostahili, ndiyo waliyotuachia sisi wachache tusiopenda mpira. Tulilipa kwa muda. Sasa, mchezo huu una mazungumzo marefu ya redio kati ya Snake na wakubwa wake, na dakika zilikuwa zinakatika huku watu wawili wakijadili urithi wa jeni. Mwenye banda aliyapenda sana mazungumzo hayo. Ili fedha yetu isipotee bure tulimweka mmoja wetu awe mkalimani: yeye alisoma Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha, akatutafsiria kwa Kiswahili cha mtaani, akichumvia pale alipokwama. Kwa hiyo hadithi niliyoipokea mara ya kwanza ilikuwa nusu ya Kojima, nusu ya mtoto wa fundi baiskeli.

Mahali fulani mchezo huo unamtaka mchezaji ampigie redio mwanamke aitwaye Meryl, na masafa yake, anaambiwa, yako nyuma ya kasha la CD. Kojima alimaanisha kasha halisi, lile ulilonunua dukani. Nakala yetu haikuwa na kasha. Ilikuwa CD iliyochomwa kwenye kompyuta, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino, na ililala ndani ya bahasha ya kaki. Tukaanza na 140.85, masafa ya mkuu wa Snake, tukashuka namba moja moja, na kila namba tukasubiri ukimya uishe. Tulipofika 140.15 Meryl akajibu. Mtu akaikwangua namba ile ukutani kwa msumari, na waliotufuata wakaikuta pale. Nimewahi kusoma makala za wasomi wa Ulaya zikisifu jinsi mzaha ule wa kasha unavyovunja ukuta kati ya hadithi na ulimwengu. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya dunia ilicheza bila kasha, na kwetu ukuta uliokuwa na maana ni ule wa banda.

Jambo jingine nililoliona katika mchezo ule lilinigusa kwa namna ambayo wakati huo sikuweza kuieleza. Daktari Naomi Hunter, mtaalamu wa jeni anayemsaidia Snake, anasimulia kwamba alikuwa yatima aliyeokotwa Rhodesia wakati wa vita. Rhodesia! Sisi tuliosoma uraia na historia Tanzania tulijua kwamba Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na kila nyumba ilikuwa na mjomba mwenye hadithi za wapigania uhuru. Kumsikia mtu ndani ya mchezo wa Kijapani, ulioigizwa kwa Kiingereza cha Marekani, akitaja vita vya jirani zetu kulinifanya niketi wima. Mwishoni mwa mchezo yalipita maandishi kwenye skrini yakieleza kwamba katika miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 60,000, na kwamba hadi mwaka 1998 vilikuwa vimebaki 26,000. Mkalimani wetu aliyasoma yote. Hakuna aliyecheka.

Michezo iliyofuata nitaipitia haraka, ingawa kila mmoja ungestahili makala yake. Wa mwaka 2001 humfanya mchezaji atii amri za kanali kwa saa nyingi, kisha humfunulia kwamba kanali huyo si mtu bali ni programu ya kompyuta iliyoundwa kuchuja habari ambazo wanadamu wataruhusiwa kuzikumbuka. Ulionekana kama ndoto ya homa. Leo ninapopokea ujumbe wa sauti uliosambazwa na kila mtu na usio na mwenyewe, siuoni tena kama ndoto. Wa mwaka 2008 ulichora dunia ambamo vita ni biashara ya makampuni, na hilo halikuwa geni kwa yeyote aliyefuatilia Executive Outcomes ya Afrika Kusini ilivyopigana Angola na Sierra Leone katika miaka ya 1990. Kati ya hiyo miwili uko ule wa mwaka 2004, Snake Eater, ambao kwangu ndio kilele.

Snake Eater umewekwa mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, Zanzibar ya kweli, ambayo mataifa ya Magharibi yaliiogopa kwa kuiita Kuba ya Afrika. Shujaa anatumwa kumuua mwalimu wake, mwanamke aitwaye The Boss, anayesemekana kuisaliti Marekani. Njiani anapita katika mto ambamo vivuli vya watu wote aliowaua humjia mmoja mmoja. Aliyeua wengi hutembea muda mrefu, na aliyenyemelea bila kuua hupita haraka. Mwishoni, mwalimu akiwa chini kati ya maua meupe, mchezo husimama. Hauendelei mpaka mchezaji mwenyewe abonyeze kitufe cha kufyatua. Nilikuwa chuo kikuu wakati huo, na nakumbuka chumba kizima cha bweni kikimtazama aliyeshika pedi. Baadaye tunaambiwa kwamba mwanamke yule hakusaliti. Serikali yake ilimtuma, kisha ikamtoa kafara ili kuficha aibu yake. Shujaa anapewa nishani na Rais Johnson. Mkuu wa shirika la ujasusi anapomnyooshea mkono, anampita.

Nimetaja haya ili ieleweke nasimama wapi. Mtunzi aliyeweza kuandika hayo si mjinga, wala si mtumwa wa propaganda ya taifa lolote. Alitufunza kuuliza nani ametoa amri, nani anafaidika, na nani amefutwa katika kumbukumbu. Ndiyo maana ninamdai.

Mwaka 2015 ulitoka Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, mchezo wa mwisho ambao Kojima aliutengenezea Konami kabla ya kuachana na kampuni hiyo. Nusu ya kwanza iko Afghanistan. Nusu ya pili iko mpakani mwa Angola na Zaire, mwaka 1984. Hatimaye mfululizo uliokuwa ukichezea majina yetu tangu mwaka 1987 ulikuja kwetu, au karibu kabisa na kwetu. Wakati huo nilikuwa tayari mhadhiri, na niliungojea mchezo huo kama mtu anavyomngojea mgeni aliyeahidi kuja kwa miaka mingi.

Mgeni alikuja, akakuta nyumba haina watu. Unaweza kuzunguka Afrika ile kwa saa mia moja. Utaona mbuga, mabwawa, mto uliochafuliwa na mafuta, punda milia, na vijiji vyenye vibanda. Hutamwona mama anayetwanga, mzee aliyekaa barazani, wala muuza sokoni. Waliopo ni askari wa makampuni ya kukodiwa, mateka, na watoto wenye bunduki. Watu wazima wa mahali hapo wameshauawa au wameshahamishwa kabla hujafika. Unasikia habari zao kwenye kanda za kaseti.

Watoto hao, nikiri uzuri wa jambo hili, mchezo haukuruhusu kuwaua. Ukimuua mmoja, kazi imeshindikana papo hapo. Wakiokolewa hupelekwa kwenye kambi ya shujaa iliyo baharini ili wanyang'anywe silaha na kufundishwa. Mmoja wao ambaye huwezi kumwokoa anaitwa Shabani. Amechukuliwa na kupelekwa kwenye jumba la majaribio huko Ngumba, na mchezaji anapomfikia ni mahututi, anafia humo. Shabani! Jina lililoenea bara pamoja na Uislamu na Kiswahili, jina ambalo katika darasa langu la msingi Tanga lilikuwa na wenyewe watatu. Kati ya watu wote wa mfululizo huu, huyo ndiye niliyeweza kumwita jirani, na alipewa nafasi ya kufa tu.

Sasa nifike kwenye lugha, maana ndiyo hoja yenyewe ya mchezo. Adui mkuu, Skull Face, alizaliwa katika kijiji cha Ulaya ya Mashariki ambacho kila mtawala mpya alikuja na lugha yake. Amepoteza lugha yake ya kwanza, na kisasi chake ni kutumia vimelea vinavyoishi kooni, ambavyo humuua mtu kulingana na lugha anayozungumza. Shabaha yake ni Kiingereza. Mwalimu yeyote wa Tanzania, anayewaona watoto wakitoka darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza wakiwa mabubu, ataelewa hasira iliyo nyuma ya mpango huo hata akiuchukia mpango wenyewe. Ni mara chache burudani ya gharama kubwa kiasi hicho imeuliza swali ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o aliliuliza mwaka 1986.

Lakini kabla ya Kiingereza, vimelea vinajaribiwa kwa Kikongo. Ugonjwa unapozuka katika kambi ya shujaa, mchezaji anaachwa na orodha ya watu wake, mamia kwa mamia, na lazima agundue wanaougua wanafanana kwa nini. Wanafanana kwa lugha. Wote wanazungumza Kikongo. Dawa ya haraka ni kuwatenga wote wenye lugha hiyo, wagonjwa na wazima, kwa kubonyeza majina yao moja baada ya jingine.

Nilifanya hivyo, kwa sababu mchezo hautoi njia nyingine ya kuzuia vifo. Ila mkono ulikuwa mzito. Katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu orodha za namna hiyo si fumbo la kuchangamsha akili. Sheria ya uraia ya Zaire ya mwaka 1981, miaka mitatu tu kabla ya wakati ambao mchezo huu umewekwa, iliwatilia shaka raia wengi wa mashariki waliozungumza Kinyarwanda, na mzozo ule haujaisha hadi leo. Kuna watu wanaoishi kati yetu ambao waliwahi kutakiwa waseme neno moja tu, ili matamshi yao yaamue kama watapita kwenye kizuizi. Kojima aligusa jeraha hilo bila kujua liko wapi. Angelijua kama katika hadithi yake kungekuwa na Mkongo mmoja mtu mzima wa kumwambia.

Hakuna. Kikongo ni lugha iliyochapwa katika kitabu tangu mwaka 1624, kabla ya karibu kila lugha nyingine ya Kibantu. Katika The Phantom Pain ni lugha ya walinzi wanaonong'ona, na huielewi mpaka umteke mkalimani, umfunge kwenye puto na kumrusha angani hadi kambini kwako. Nilicheka nilipoona hivyo, nikamkumbuka yule mtoto wa fundi baiskeli, ambaye sisi tulimlipa kwa mihogo. Na mfululizo uliomalizia mchezo wake wa mwaka 1998 kwa idadi ya vichwa vya nyuklia ulikaa mpakani mwa Zaire saa zote hizo bila kuitaja Shinkolobwe ya Katanga, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mtunzi ni Mjapani. Mgodi uko katika nchi inayozungumza Kiswahili. Uzi huo ulikuwa unamgoja auokote.

Nimewahi kujibiwa kwamba hata Afghanistan katika mchezo huo haina raia, na hiyo ni kweli. Nimejibiwa pia kwamba kazi haikukamilika: watoto wale wanaiba silaha kuu na kutoroka kambini, na sehemu ambayo ingemaliza kisa chao ilikatwa, ikabaki vipande vinavyoonyeshwa kwenye diski ya toleo la wakusanyaji. Nayo ni kweli. Bajeti na ugomvi wa kiofisi huamua mengi. Lakini fedha zilipopungua kilichokatwa ni kisa cha watoto wa Kiafrika, na punda milia walibaki, wamechorwa hadi unyoya wa mwisho.

Wapo miongoni mwetu ambao dawa yao ni kuifunga milango: mabanda yapigwe marufuku, watoto warudi kwenye vitabu. Wanaosema hivyo hawajaona kwamba mabanda yamehamia ndani ya simu. Ninachotaka mimi ni uhakiki. Tuna wahakiki wa ushairi, riwaya na filamu. Kwa sanaa ambayo wanafunzi wetu huitumia muda mwingi kuliko zote hizo, hatuna hata msamiati uliokubaliwa. Katika makala hii nimelazimika kuokota maneno njiani.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alikuja ofisini. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mwalimu. Nina mada, ila naogopa utanifukuza." Alitaka kuandika tasnifu juu ya Kikongo katika The Phantom Pain. Nilimwambia, "Marahaba, kaa. Unakijua Kikongo?" Hakukijua, lakini alikuwa amemtafuta Kariakoo mfanyabiashara wa vitenge kutoka Matadi, na kila Jumamosi walikaa na kompyuta dukani wakirudia sauti za walinzi. Aliniletea orodha ya majina ya mahali. Mfinda, uwanja wa mafuta, ni msitu. Masa, kijiji kimoja, ni maji. Kituo cha Munoko ya Nioka hakihitaji mkalimani kwa msomaji wangu yeyote, walau neno la mwisho: ni mdomo wa nyoka. Kwa hiyo mtu fulani katika kundi la watengenezaji aliketi na kamusi, au na Mkongo, akachagua majina kwa makini na hata kwa utani juu ya jina la shujaa. Jina la mtu huyo tunataka kulijua, na bado tunalitafuta.

Mwanafunzi ameomba aandike tasnifu hiyo kwa Kiswahili. Mwenzangu mmoja katika kamati anasema mada haina uzito wa kitaaluma, mwingine anasema uzito inao lakini iandikwe kwa Kiingereza ili isomwe. Kamati itakaa mwezi ujao.